Kwa Nini Lutfi Hakuja Kumzika Bibi Yake

Changhua, Taiwan
Jumapili, 9 Novemba

Dada yangu mpenzi Kasiyati,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Namwomba Mungu waraka huu ukufikie ukiwa mzima, wewe na wote wa nyumbani. Goti la kushoto linaendeleaje? Nimesikia kwa wifi yangu kwamba bado unapanda baiskeli alfajiri kwenda sokoni na kapu la tempe zako za soya nyuma, kama msichana wa shule. Nakuomba uache, ingawa najua hutanisikia. Wewe ni mkubwa wangu kwa miezi mitano na hujawahi kuniruhusu nisahau. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio haujatulia, na ndio ulionifanya nishike kalamu, jambo ambalo sijalifanya tangu tulipokuwa tukipelekeana vikaratasi darasani.

Naandika kwa sababu simu hupokei. Yangu huigusi, na ya Lutfi umeizuia kabisa. Tumezisikia habari za kisomo cha arobaini ya marehemu mama yako, Mungu amlaze pema. Tumesikia ulisimama mbele ya majirani ukasema kwamba umemzika mama bila mjukuu aliyemlea kwa mikono yake, na kwamba tangu siku hiyo huna mtoto Taiwan. Maneno hayo yalifika huku kabla sufuria za kisomo hazijaoshwa. Basi nakuarifu kwamba binti yako Lutfi anakuja. Atapanda ndege Jumanne tarehe 18, na Mungu akipenda Jumatano mchana atakuwa mlangoni kwako, siku mbili kabla ya kisomo cha siku mia. Anakuja bila kujua kama utamfungulia. Kula hali, na mimi nikimtazama anavyokonda nakosa pa kujificha. Nakusihi uisome barua hii mpaka mwisho kabla hajafika, hata kama ukifika katikati utatamani kuichana.

Miaka yote hii nimekuwa nikikusimulia matamu tu ya huku. Leo acha nikueleze tunavyoishi, maana usipoelewa hilo hutaelewa lolote.

Kiwanda chetu kinatengeneza fremu za baiskeli. Kuna wanaochomelea, kuna wanaopiga msasa, kuna wanaopaka rangi. Watu wetu wa Indonesia, Wajava na Wamadura, wako sitini na wawili. Mimi, kama ujuavyo, nilitoka kwenye msasa miaka tisa iliyopita nikafanywa mkalimani na msimamizi wa bweni, kwa kuwa niliwahi kuijua lugha ya wenyeji wa huku. Wote wananiita Mama Mkubwa. Hata Lutfi, ambaye kwa haki yako na yangu angeniita mama mdogo, alikuja akaufuata mkumbo, nami nikaona raha, nikanyamaza.

Mtu akifika tu kutoka uwanja wa ndege, hata hajaoga, pasipoti yake inachukuliwa na kuwekwa katika kabati la chuma ofisini. Anatia saini karatasi inayosema kwamba ameomba mwenyewe itunzwe isije ikapotea. Karatasi ni ya lugha yetu, yenye adabu na unyenyekevu, na sijamwona aliyekataa kuitia saini. Sheria ya nchi hii hairuhusu mambo hayo. Wanunuzi wetu wa Ulaya nao wameyakataza kwenye mkataba wao na Bwana Chiu, mwenye kiwanda. Kwa hiyo kila mwaka wakaguzi wa wanunuzi wanapokuja, asubuhi ya siku hiyo kila mtu hupewa pasipoti yake aiweke kwenye kijikabati chake bwenini, na kesho yake zinakusanywa tena.

Vijana waliipa siku hiyo jina la Idi ya tatu. Feni zote zinawashwa, glavu mpya zinatolewa, kantini kuna kuku. Sobirin, Mmadura mmoja wa sehemu ya rangi ambaye mdomo wake haujui likizo, mwaka jana alisema, "Hawa wageni jamani tuwafungie geti, wasitoke, tule kuku mpaka Ramadhani." Tukacheka mpaka wakaguzi wakauliza kuna nini, nami nikawatafsiria kwamba wafanyakazi wamefurahi.

Baada ya chakula huitwa watu kumi, mmoja mmoja, katika chumba kidogo. Mkaguzi anauliza, mimi natafsiri. Je, unapata likizo yako? Je, kuna anayekutukana? Je, pasipoti yako unayo mwenyewe? Na wote, kila mwaka, hujibu kwamba namshukuru Mungu, hakuna shida. Usifikiri niliwatisha. Sikuhitaji. Wewe na mimi tumelelewa vivyo hivyo: mtoto akiulizwa ugenini kama ameshakula, anasema ameshiba, hata utumbo unalia. Nani angemlalamikia mgeni mbele ya Mama Mkubwa aliyekaa palepale na daftari mapajani? Wakaguzi wakaandika mazuri, wakapiga picha na sisi, wakaenda zao. Nadhani walitaka kweli kujua. Ila walimketisha mbele ya watu yule yule ambaye watu hawawezi kumwaibisha.

Sasa nije kwenye msiba. Ulipopiga simu Alhamisi ile ya Agosti, Lutfi alikuwa kwenye msasa. Alikuja ofisini kwangu mbio, miwani ya kazi ameipandisha juu ya paji la uso, barakoa bado imemziba mdomo, na vumbi la chuma limemjaa kwenye nyusi. Aliomba siku saba tu, akamzike bibi, akae na wewe mpaka kisomo cha saba, arudi. Nilimwambia nitamsemea kwa Bwana Chiu. Kabla ya zamu kwisha nikamrudia na jibu kwamba haiwezekani, kuna fremu za kuingia kwenye kontena kabla mwezi haujakwisha, hakuna wa kushika nafasi yake, na pasipoti haitatoka. Hakulia mbele yangu. Alisema, "Basi, Mama Mkubwa. Asante kwa kunisemea." Akashusha miwani, akarudi kwenye mashine.

Nawe nikakupigia nikakuambia kwamba Lutfi mwenyewe ameona bora abaki kwa kuwa kazi imembana, lakini anakupa pole nyingi. Huo ulikuwa uongo, dada. Hakuona bora. Alitaka kuja hata kwa miguu. Na Lutfi hakukusahihisha kwa sababu nilimwomba asikutwishe habari za pasipoti juu ya matanga. Nikamwambia mama yako atazidi kuumia. Akatii. Unajua jinsi ulivyomlea.

Wiki tatu baadaye wakaja wakaguzi. Mwaka huu hakuwa yule mzee wa kila mwaka bali mama mmoja wa hapahapa Taiwan, Bi. Hsu, mfupi, wa makamo, anayetembea na chupa ya chai ya moto hata kukiwa na joto la kuyeyusha lami. Mambo yakaenda kama kawaida, feni, glavu, kuku. Katika wale kumi Lutfi naye akaitwa. Bi. Hsu alimuuliza kama amewahi kunyimwa ruhusa akiwa na dharura. Lutfi alinitazama mimi, si yeye. Akasema hajawahi. Nikatafsiri neno kwa neno.

Alipomaliza wote kumi, Bi. Hsu alifunga daftari lake, akaniuliza kwa upole inakuwaje watu hawa hawana shida hata ndogo, maana hata mumewe pale nyumbani ana shida kumi na nne na bado hajastaafu. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumapili iliyofuata alikwenda stesheni ya Taichung, pale ukumbini ambapo watu wetu hukaa chini kila Jumapili na vyakula vyao. Mimi sikuwepo; haya nimeyapata kwa Sobirin. Alikuja na mkalimani wake, msichana wa Malang anayesoma chuo, asiyemjua yeyote wala kujulikana na yeyote. Wakanunua supu ya mipira ya nyama, wakakaa sakafuni na wenzao, na kwa muda mrefu hawakuuliza habari za kazi. Waliuliza nani anatoka wapi, na kwa nini pilipili ya hapa haiwashi. Kisha Lutfi mwenyewe, bila kuulizwa, akasema kwamba bibi yake amefariki, na yeye hakwenda kumzika kwa sababu pasipoti yake iko kabatini. Sobirin anasema baada ya hapo watu walisema mpaka supu ikapoa, na yeye kwa mara ya kwanza maishani alikosa nafasi ya kuongea.

Siku zilizofuata bwenini palikuwa pazito. Habari zilienea kwamba wanunuzi wa Ulaya wamekasirika na huenda wakahamishia oda zao kwingine. Kuna walioacha kusema na Lutfi. Mmoja alimwambia usoni, "Umepata haki yako, sasa tugawie tule." Hata Sobirin, ambaye alikuwa upande wake, aliuliza kantini mbele ya wote, "Wakiondoka hao wanunuzi, haki zetu tutazichovya kwenye pilipili gani?" Hakuna aliyecheka. Lutfi alibeba sahani yake akaenda kula peke yake kwenye ngazi, nami nilimwona, nikapita.

Lakini wanunuzi hawakuondoka, na hilo sikulitegemea. Bi. Hsu alirudi na barua yao, akakaa na Bwana Chiu siku nzima, mimi nikiitwa na kutolewa. Walisema kuondoka ni rahisi, ila watakaoumia ni walewale waliosema ukweli. Basi oda zitabaki, na badala yake kiwanda kibadilike, wao wenyewe wakifuatilia. Pasipoti zirudi kwa wenyewe na kabati litoke ofisini. Msiba ukitokea, mtu asafiri kesho yake. Wakaguzi wasizungumze tena na watu ndani ya kiwanda, wala kwa kinywa cha mtu wa kiwanda. Na ikabandikwa bwenini namba ya simu, ukipiga unajibiwa kwa lugha yetu na mtu asiyekula chakula cha Bwana Chiu.

Bwana Chiu alikuja juu. Alisema hawa watu wa Ulaya wanataka baiskeli zao haraka kuliko uji wa mgonjwa, kila mara wanasogeza tarehe ya kontena mbele, halafu leo ndio wanamfundisha yeye huruma. Nilidhani Bi. Hsu atampandia. Badala yake akasema, "Hapo una haki," akaliandika, na tarehe za kontena nazo zikabadilishwa. Sijawahi kuona mkaguzi akiandika kosa la waliomtuma.

Pasipoti ziligawiwa Ijumaa moja ya Oktoba, kantini, mchana kweupe. Lutfi alifungua yake akaitazama picha yake ya miaka minne iliyopita, bado ana mashavu. Kisha akaenda chooni akakaa huko muda mrefu. Alipotoka aliomba likizo kwa ajili ya siku mia. Akapewa siku hiyo hiyo.

Dada, ningeweza kuishia hapa nikakupa salamu, nawe ungemlaumu Bwana Chiu, na Lutfi angefunguliwa mlango. Nimeiandika barua hii mara mbili nikiishia hapa. Zote nimezichana.

Ufunguo wa kabati lile haukuwa kwa Bwana Chiu. Ulikuwa kwangu, shingoni, kwenye kamba ndani ya nguo, miaka yote tisa. Ile karatasi yenye adabu niliitunga mimi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa mwanao.

Na hata hilo si baya kuliko yote. Siku ile Lutfi aliponiomba, nilikwenda mpaka mlango wa ofisi ya Bwana Chiu. Nikamsikia ndani anafoka kwenye simu habari za kontena. Nikamkumbuka kijana mmoja wa Blitar niliyemwombea ruhusa mwaka juzi aende kuoa. Pasipoti nilimpa kwa mkono wangu, na hakufika nyumbani wala hakurudi kazini, alikimbilia mashamba ya kabichi huko milimani. Bwana Chiu aliniambia mwingine akitoroka na mimi nimfuate. Basi nilisimama pale mlangoni, mkono umeinuka wa kubisha, na sikubisha. Nilikwenda kukaa stoo muda ambao mazungumzo yangechukua. Kisha nikatoka nikampelekea mwanao jibu ambalo hakuna mtu aliyelitoa. Akanishukuru.

Bwana Chiu hakujua kabisa. Ilijulikana mbele ya Bi. Hsu, alipomuuliza kwa nini alimnyima ruhusa msichana aliyefiwa. Alikodoa macho akauliza msichana gani. Kisha wakanigeukia mimi wote wawili. Bwana Chiu akasema, "Wartini, mbona hukuniambia? Msiba ningekataa?" Sijui kama ni kweli angekubali. Pengine alisema vile kwa sababu ya mgeni. Sitajua mpaka nakufa, kwa kuwa sikuuliza. Bi. Hsu alisema hapo hapakuwa na cha kukubali wala kukataa, pasipoti haikuwa ya Bwana Chiu wala ya mama huyu. Nilivua kamba shingoni nikaiweka mezani.

Wiki iliyopita nilimwita Lutfi nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Alikuwa anakunja nguo za safari. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Tangu siku hiyo haniiti Mama Mkubwa. Ananiita Bi Wartini, kwa heshima kamili, kama anavyowaita watu wa ofisini.

Kesho Jumatatu nimeitwa. Bwana Chiu atakuwepo na Bi. Hsu pia, na sijui wataniambia nini. Naweza kurudi nyumbani kabla ya mwaka kwisha, naweza kurudishwa kwenye msasa na umri huu. Lakini hofu yangu kubwa si ya kesho. Ni ya Jumatano ile, saa ya mchana, mlangoni kwako.

Nakuomba jambo moja, kisha usiniombee mema ukitaka. Lutfi hatakusimulia haya. Nimemuuliza atakuambia nini, akasema hana la kusema kwa mama yake ila kuomba radhi. Atapiga magoti mbele yako, atalaza paji la uso mapajani mwako kama tuombavyo radhi siku ya Idi, na atasema, "Mama, nimekosa." Nakujua, moyo wako utalainika na utataka kumwambia kwamba umemsamehe. Usimwambie hivyo, Kasiyati. Ukimsamehe utakuwa umemthibitishia kwamba alikosa. Mwinue tu, umpe chakula, na akisema ameshiba usimsadiki.

Wasalimie wote wa nyumbani, wifi yangu na watoto wake, na wenzako wa pale sokoni. Kwenye kaburi la mama naomba unisomee Fatiha kwa niaba yangu, ikiwa bado unaona inafaa. Sitakupigia simu tena. Ukitaka kunipigia, namba ni ile ile.

Wassalamu alaikum,
ni mimi niliyekuwa rafiki yako,

Wartini